Kuaminiana kazini wakati wa mageuzi: mwongozo kwa mkuu wa kitengo katika ofisi za kaunti, Lamu

Waraka wa mabadiliko ukifika ofisini, karani hausomi kwanza. Humgeukia aliye meza ya pili akamuuliza, "Hili umelisikiaje?" Jibu atakalopewa pale, na sauti litakalotoka nayo, ndilo litakaloamua kama wiki ijayo atajifunza utaratibu mpya au atautazama kwa mbali. Aliyeutia sahihi waraka huo yuko Nairobi, au Mokowe, makao makuu ya kaunti, katika jengo jingine. Mwenzake yuko hapa, na saa nne watakunywa chai pamoja.

Kwa hiyo mwongozo huu hauhusu imani ya wafanyakazi kwa wakubwa wao. Unahusu kuaminiana kwao wenyewe kwa wenyewe, kwa kuwa hilo mkuu wa kitengo chenye watu wanane, kumi na wawili au ishirini anaweza kulifanyia kazi, hata kama hana sauti katika bajeti wala katika muundo mpya wa idara. Mfano tutakaoufuata ni kitengo cha ushuru kinachotoka kwenye kitabu cha risiti na kuingia kwenye mashine ya mkononi na malipo ya simu. Ukiwa ardhi, afya au leseni, badilisha majina ya vifaa tu.

Kabla hujaanza: jua unachokitafuta

Mwaka 1991 watafiti John Meyer na Natalie Allen walitenga aina 3 za kufungamana na kazi. Kuna anayebaki kwa kupenda, anayebaki kwa hesabu ya hasara atakayopata akiondoka, na anayebaki kwa kuona kwamba anadaiwa wajibu. Tofauti hii ina uzito mkubwa Lamu. Kazi za mshahara wa kila mwezi hapa si nyingi, kwa hiyo hata aliyekata tamaa kabisa haachi kazi. Atakuja kila siku, atatia sahihi, atakaa. Daftari la mahudhurio litakuonyesha kitengo kizima kipo, kumbe nusu yao wamebaki kwa hesabu. Mageuzi huila kwanza ile aina ya kupenda, na huila kimya kimya.

Kuaminiana nako kuna nguzo 3, kama walivyozitaja Mayer, Davis na Schoorman mwaka 1995: uwezo (mwenzangu anaijua kazi?), nia njema (ananitakia mema?) na uadilifu (neno lake ni neno?). Zitenganishe akilini, maana kila moja huvunjika kwa njia yake. Mfumo ukibadilika, inayotikisika mapema zaidi ni uwezo. Mkongwe wa miaka 20 aliyekuwa akiulizwa kila kitu anageuka mwanafunzi kwa siku moja, na kijana aliyeajiriwa juzi ndiye mwenye majibu. Hakuna aliyemkosea mwenzake, lakini mizani imepinduka. Mkuu asiyeliona hilo hudhani watu wanachukiana, akaanza kuwasuluhisha watu wasiogombana.

Hatua ya 1: Chora ramani ya kitengo chako

Chukua karatasi moja kubwa na penseli. Andika kila jina, na chini yake mambo matatu: alikotoka, masharti ya ajira yake, na kituo chake.

Alikotoka ni muhimu kwa sababu ya namna kaunti zilivyozaliwa. Baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, kaunti 47 zilianza kazi na watu wa asili tofauti: waliorithiwa kutoka zilizokuwa serikali za mitaa, waliohamishwa kutoka wizara pamoja na majukumu yao, na walioajiriwa baadaye kupitia bodi za utumishi wa umma za kaunti. Wamekaa chumba kimoja wakiwa na historia tofauti za mishahara, pensheni na vyeo. Mwenye kulipwa pungufu kwa kazi ile ile hamlaumu aliyepanga mishahara, hamjui. Anayemjua ni yule anayekaa naye.

Kisha mwulize kila mmoja peke yake swali moja: "Ukikwama kwenye kazi, unampigia nani kwanza?" Chora mshale kutoka kwake hadi kwa huyo. Usiulize "unamwamini nani?" Katika mji kama Amu (mji wa Lamu), ambapo wafanyakazi wenza ni majirani, ni wakwe, wanasali msikiti mmoja na kuzikana, swali hilo halijibiwi kwa ukweli, na lisijibiwe. Isitoshe, kuaminiana kwa nyumbani si lazima kuvuke mlango wa ofisi. Mtu anaweza kumwachia mwenzake amana ya dhahabu akasafiri bila wasiwasi, lakini asimwachie hesabu za jioni, kwa kuwa anajua mwenzake huyo hesabu hazimo mikononi mwake.

Mishale ikikamilika, tazama:

- Aliye na mishale mingi. Huyu ndiye nguzo, na mara nyingi cheo chake ni kidogo. Usimhamishe kituo wala usimpe likizo ndefu katika miezi 3 ya kwanza ya mageuzi. Makosa mengi ya mpangilio mpya huanzia hapa: nguzo inang'olewa kwa sababu kwenye muundo wa karatasi yeye ni karani tu.
- Asiye na mshale hata mmoja wa kuingia wala kutoka. Huyo atasikia kila kitu mwisho, na atasikia vibaya.
- Kundi ambalo mishale yake yote inazunguka ndani, waliotoka mabaraza ya zamani ya serikali za mitaa kwa wenzao wa huko, vijana kwa vijana.

Karatasi hiyo ni yako peke yako. Haiingii kwenye faili la mtu yeyote, na haipigwi picha. Ina habari binafsi za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu nawe.

Hatua ya 2: Pima kwa sentensi 6

Mpe kila mtu karatasi yenye sentensi hizi, aweke alama kuanzia 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa):

1. Nikikwama, kuna mwenzangu atakayenisaidia bila kunisimanga.
2. Wenzangu wanaijua kazi yao, sina haja ya kuirudia nyuma yao.
3. Mwenzangu akisema atamaliza leo, humaliza, au hunijulisha mapema.
4. Nikikosea naweza kulisema kosa langu mbele ya wenzangu.
5. Safari, mafunzo na zamu hugawanywa kwa utaratibu ninaoujua.
6. Hata ningepata kwingine kazi yenye mshahara kama huu, ningependa kubaki hapa.

Ya kwanza inapima nia njema, ya pili uwezo, ya tatu uadilifu. Ya sita inamtenga anayebaki kwa kupenda na anayebaki kwa hesabu, ndiyo maana mshahara umewekwa sawa ndani yake.

Karatasi zisiwe na jina, cheo wala nafasi ya maoni. Hati za mkono zinajulikana ofisini, kwa hiyo wape kalamu za rangi moja na alama ya vema tu. Zitumbukizwe kwenye boksi lisilokaa mezani kwako. Usigawanye majibu kwa kituo au kwa jinsia ikiwa kundi lina watu chini ya 5, maana hapo umeshamtaja mtu.

Usitegemee wastani peke yake. Watu 12 wakiweka 3 wote, wastani ni 3. Sita wakiweka 5 na sita wakiweka 1, wastani ni 3 vilevile, lakini hicho ni kitengo kilichopasuka katikati. Hesabu wangapi waliweka 1 na 2 kwa kila sentensi, uandike idadi hiyo kwanza. Ndani ya siku 7 warudishie majibu wakiwa wamekaa pamoja, hata yakikuuma. Matokeo yakifungiwa kabatini, utafiti wa pili utajibiwa 5 mstari mzima.

Hatua ya 3: Yafunge maneno ya pembeni kabla hayajavuka maji

Waraka ukifika, kaa na kitengo ndani ya saa 24 hata kama huna majibu. Gawanya ubao sehemu tatu: tunalolijua, tusilolijua, na tarehe ya kurudi na jibu. Sehemu ya tatu ndiyo inayobeba zote. "Tutawajulisha" haina tarehe, na kisicho na tarehe hujazwa na yeyote mwenye ulimi. Ukifika siku uliyotaja huna jibu, rudi siku hiyo hiyo useme huna, uweke tarehe nyingine. Ahadi ni deni, na hapa linalipwa mbele ya mashahidi.

Swali litakaloulizwa kila mara ni la kupunguzwa kazi. Usilijibu kwa "msiwe na wasiwasi." Lijibu kwa sheria. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka ilani ya angalau mwezi 1, uteuzi unaozingatia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na kutegemewa kwa kila mmoja, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa kazi. Ibara ya 236 ya Katiba inakataza afisa wa umma kuachishwa kazi au kushushwa cheo bila utaratibu wa sheria. Watu wakijua kwamba kuna vigezo, hupungua haja ya kumtazama jirani kama mpinzani wa kiti. Wasipojua, kila mtu huanza kuficha anachokijua ili aonekane hawezi kukosekana, na hapo mafunzo yote yanayofuata ni kazi bure.

Sasa jambo ambalo miongozo ya Nairobi haiwezi kukwambia. Kikao cha saa mbili asubuhi Mokowe kinawaacha nje walio vituo vya mbali vya Faza, Kizingitini na Kiunga. Maji yakipwa, boti kutoka upande wa kisiwa cha Pate, ziliko Faza na Kizingitini, huenda zikalazimika kusubiri yajae. Anayekosa kikao hukisikia kutoka kwa aliyekihudhuria, na kimeshatiwa chumvi. Panga vikao kwa kuangalia maji, hasa siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida), na miezi ya kusi (upepo mkali wa kusini) acha nafasi ya siku 1 zaidi. Kama hawawezi kufika, andika maneno yale yale ya ubaoni, neno kwa neno, uyatume kwa wote kwa dakika ile ile, waliokuwepo na wasiokuwepo. Wa visiwani wakigundua mara moja tu kwamba wa Amu walijua siku mbili kabla yao, utahitaji miezi kulirekebisha.

Hatua ya 4: Wapange wawili wawili kwa wiki 6

Hatua hii ndiyo yenye matunda mengi kuliko zote, na ndiyo inayoharibika kwa urahisi. Mpange mkongwe mmoja na kijana mmoja. Pasiwe na undugu wa karibu kati yao, na wasiwe wa kundi moja kwenye ramani yako.

Wiki ya 1 na 2: kitabu cha risiti bado kinatumika. Mkongwe anaongoza, kijana anaandika. Anajifunza yale yasiyo kwenye mashine: nani ana leseni ya msimu, chombo gani hushusha mzigo usiku, mfanyabiashara gani hulipa mwisho wa mwezi na hajawahi kukosa. Kijana ayaandike kwenye daftari moja, na jina la mkongwe liwe juu ya kila ukurasa. Ujuzi wake uonekane una mwenyewe.

Wiki ya 3 na 4: mashine inaingia. Mwenye vidole ni mkongwe. Hapa simama uangalie kwa macho yako angalau mara mbili. Utaona mkono wa kijana ukinyooka: "Lete ami, nikufanyie." Ni adabu, amelelewa hivyo, hamwachi mtu mzima ahangaike. Lakini neno hilo likirudiwa siku kumi, mzee hataigusa tena mashine, na ndani yake atakuwa amekubali kwamba kazi imemshinda. Mfundishe kijana sentensi nyingine: "Bonyeza wewe, ami, mimi nipo hapa." Mikono yake aifunge nyuma. Muamala mmoja utachukua dakika nne badala ya moja, na wateja watapiga foleni. Kwa hiyo anzeni siku zisizo na shughuli nyingi, si siku chombo kikubwa kimetia nanga.

Wiki ya 5 na 6: kila mmoja peke yake, wakikutana jioni tu kufunga hesabu. Kufunga kuna mpangilio, usiubadilishe:

- Andika namba ya risiti ya kwanza na ya mwisho. Risiti iliyoharibika ibaki kitabuni, nakala zote, imekatwa mistari miwili.
- Hesabu fedha taslimu kama zipo, mbele ya wote wawili, kwa sauti.
- Toa taarifa ya siku kutoka kwenye mashine, uilinganishe na taarifa ya malipo ya simu.
- Tofauti yoyote iandikwe hata ikiwa shilingi 10, pamoja na saa iliyogunduliwa.
- Wote wawili watie sahihi. Asiyekuwepo haandikiwi na mwenzake.

Kinachoharibu zaidi ni nywila. Mzee anasahau, kijana anaijua, na baada ya wiki moja kijana anaingia kwa jina la mzee ili kazi iende. Kwa nje hili linafanana na kuaminiana, nao wenyewe watakwambia, "Sisi tunaaminiana." Siku shilingi 800 zitakapokosekana, mashine itataja jina la aliyekuwa amekwenda kuswali. Hapo watakosana wawili hawa, na nyumba zao mbili pia. Sema wazi siku ya kwanza: nywila haigawanywi, na anayesahau hubadilishiwa siku hiyo hiyo bila kuulizwa mara ngapi. Kisha hakikisha kweli inabadilishwa siku hiyo hiyo, maana watu huazimana nywila pale ofisi inapochukua wiki nzima kuwatengenezea nyingine.

Hatua ya 5: Bandika orodha ya safari na mafunzo

Fupi lakini usiiruke. Mageuzi huja na semina, na semina huja na posho. Bandika ukutani jedwali lenye jina, mafunzo aliyoyapata mwaka huu, siku ngapi, na zamu yake ijayo. Aliyekwenda Mombasa au Nairobi siku 5 arudi awafundishe wenzake kwa saa 2 kabla ya kupata safari nyingine. Ukilazimika kuruka zamu ya mtu, andika sababu chini ya jina lake. Sentensi ya 5 kwenye karatasi yako itapanda ndani ya miezi 3 kwa jambo hili peke yake.

Hatua ya 6: Litengenezee kosa njia ya kutokea

Kosa likitajwa na aliyelifanya siku ile ile, uliza mambo matatu na uishie hapo: limetokea wapi, limemgusa nani, tunalirekebishaje leo. Usiulize "kwa nini wewe" mbele ya wengine. Kwa upande mwingine, usiahidi usichokuwa nacho. Fedha zikichukuliwa, huna mamlaka ya kusamehe, na wakisikia umeahidi kusitiri wizi, waadilifu wako ndio watakaokuvunjia heshima kwanza. Waambie mpaka uko wapi: tofauti iliyoandikwa jioni ile ni kosa, iliyofichwa hadi mkaguzi akaiona ni jambo jingine.

Tahadhari pia na malengo ya mtu mmoja mmoja. Kenya ilianza mikataba ya utendaji mwaka 2004 kwa mashirika 16 ya serikali, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa kusimamia utendaji. Si vibaya. Lakini ukimpa kila mkusanyaji kiwango chake peke yake, aliye jeti ya Amu hatamwambia wa Mokowe kwamba mfanyabiashara fulani amevuka bila kulipa. Atamsubiri arudi upande wake. Weka angalau lengo 1 kati ya 4 liwe la kitengo kizima, litimie pamoja au lisitimie.

Hatua ya 7: Rudi kupima siku ya 90

Tumia sentensi zile zile 6. Sambamba nazo, hesabu mambo yanayoonekana: makosa mangapi yametajwa na wenyewe, mara ngapi zamu imebadilishwa bila kukuhusisha, na likizo ngapi zimeanza kwa barua ya makabidhiano iliyokamilika. Makosa yanayotajwa huongezeka mwezi wa kwanza na wa pili. Usishtuke na usiwaadhibu. Yalikuwepo tangu zamani, ila sasa yamepata mlango. Kama sentensi ya 1 hadi ya 4 zimepanda na ya 6 haijasonga, tatizo haliko kati yao. Liko kwenye mishahara, vyeo au kwako, na kuwaongezea vikao hakutasaidia.

Yapo ya kuepuka. Kuwapeleka hotelini Malindi siku 2 wakacheze michezo kisha kurudi kwenye zamu zisizo na orodha ni kupoteza fedha za umma. Kumtumia mmoja wao akuletee habari za wenzake huua yote haya kwa wiki moja, na hujulikana siku zote. Kuanza mageuzi katikati ya Ramadhani, au wiki ya Maulidi mji ukiwa umejaa wageni, ni kuwaanzisha watu wakiwa hoi.

Na wewe utahamishwa, maana mageuzi hayamwachi mkuu mahali pamoja. Wiki ya mwisho mkabidhi anayekuja jedwali la safari, daftari la wakongwe, na orodha ya ahadi zote zilizo na tarehe ambazo hazijatimia. Zisome moja moja mbele ya kitengo kizima, yeye akiwa amekaa pale, na kila ahadi aseme ataichukua au hataichukua. Ile karatasi ya mishale usimkabidhi. Ichome, naye achore yake.